Nahodha Hukaa Tezi: Uhakiki wa Neno Moja la Mpirani

Kurasa hizi zimezoea kupokea uhakiki wa riwaya, tamthilia na ushairi. Safari hii naomba nihakiki neno moja tu, tena neno la mpirani: nahodha. Najua wapo watakaoguna kwamba hizo ni habari za michezo, ziende gazetini. Haya, nawajibu mapema. Wengi wetu tulikutana na sitiari kwenye redio, mtangazaji wa mpira akiwa amepandisha sauti, miaka kadhaa kabla ya mwalimu kutuandikia neno "sitiari" ubaoni. Kama mhakiki hana la kusema juu ya lugha hiyo, basi ajue anahakiki vitabu tu, lugha inaendelea na safari zake bila yeye.

Hoja ninayotaka kuijenga ni hii. Kiswahili kilipomwita kiongozi wa timu nahodha, kilimpangia mahali pa kukaa, na mahali penyewe ni tezi, nyuma ya chombo, penye usukani. Lakini sisi mashabiki, waandishi na hata wanafunzi wa fasihi, tunamhukumu kana kwamba kazi yake iko omo, mbele kabisa, kwenye povu. Mkanganyiko huo unaharibu namna tunavyomsoma mchezaji, na nitadai chini huko kwamba unaharibu pia namna tunavyoisoma Kinjeketile.

Tuanze na neno lenyewe. Nahodha limetoka Uajemi: nusu ya kwanza ni chombo cha baharini, nusu ya pili ni bwana au mwenye enzi. Bwana wa chombo. Limekuja na pepo za kaskazi pamoja na tende na mazulia, likakaa pwani mpaka likawa letu. Kwetu Likombe, Mtwara, halikuhitaji kamusi. Ng'ambo ya maji iko Msangamkuu, na bahari hiyo katikati ndiyo iliyomfundisha kila mtu nani ni nani ndani ya chombo. Mjomba wangu mmoja, aliyeendesha mashua miaka mingi, nilimuuliza siku moja nahodha ni mtu gani. Hakunipa maana ya kamusi. Akasema: "Mpwa wangu, nahodha ni yule ambaye chombo kikipanda mwamba, hakuna anayeuliza baharia alikuwa wapi."

Angalia alivyolieleza. Hakusema nahodha ni hodari kuliko wenziwe, wala ana nguvu, wala anapendwa. Alimtambulisha kwa swali litakaloulizwa baada ya ajali. Mwenye tanga ana kazi yake, anayefua maji ana kazi yake, aliyeko omo akichungulia miamba naye ana yake. Nahodha yeye kazi yake ni kujibu. Ndiyo maana hukaa tezi. Ukikaa nyuma unaona tanga, unaona migongo ya watu wako wote, unaona na maji mnayoyaendea. Ukikaa omo unaona maji peke yake.

Haya sasa, fungua gazeti la michezo. Utakutana na usemi uliochakaa kwa kutumika: fulani "aokoa jahazi". Ni usemi wa baharini, umeingia mpirani salama salimini. Lakini hebu chunguza huyo fulani ni nani. Mara nyingi ni mfungaji wa goli la dakika za mwisho. Beki aliyefua maji dakika themanini hayumo kwenye kichwa cha habari. Kiungo aliyegeuza tanga mara tatu upepo ulipobadilika, hayumo. Kwa waandishi wetu jahazi huokolewa omo. Mjomba angecheka, maana hajawahi kuona chombo kilichookolewa na mtu aliyesimama mbele akaruka juu.

Siwalaumu waandishi peke yao. Goli linaonekana, linahesabika, lina dakika yake. Uongozi hauna dakika. Ndiyo shida ya kuuandika, na ndiyo shida ya kuuhakiki.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa timu ya taifa. Mwaka 2016 kocha Charles Boniface Mkwasa alimpa Mbwana Samatta unahodha wa Taifa Stars. Samatta alikuwa ametoka kutwaa ubingwa wa Afrika wa mwaka 2015 na TP Mazembe ya Lubumbashi, na mwanzoni mwa 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza ndani ya bara. Kabla yake nahodha alikuwa Nadir Haroub, yule tuliyemzoea kwa jina la Cannavaro, beki wa kati wa Yanga. Baada ya badiliko hilo Cannavaro akatangaza kustaafu timu ya taifa.

Mjadala wa wakati ule, kama ninavyoukumbuka vijiweni, ulikuwa wa heshima: mkubwa amevuliwa, mdogo amevikwa. Mimi nadhani ulikuwa mjadala wa tezi na omo bila wenyewe kujua. Beki wa kati yuko tezi kwa kazi yake. Anaona migongo ya wenzake tisa, anapiga kelele, wanamsikia. Mshambuliaji yuko omo. Akitaka kuwaona watu anaowaongoza lazima ageuke nyuma, na akigeuka nyuma hauoni mpira unaomjia kutoka pembeni. Kumpa mshambuliaji kitambaa ni kumweka nahodha omo na kumwambia aongoze usukani kwa macho ya kisogo. Sisemi haiwezekani. Nasema ni kazi nyingine, tena ngumu zaidi, na lugha yetu haikuwa na jina lake.

Samatta aliifanyaje? Hapa ndipo napenda kukaa kidogo, maana rekodi yenyewe inasomeka kama tamthilia. Tarehe 24 Machi 2019, Dar es Salaam, Tanzania iliifunga Uganda 3–0 na kufuzu fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1980 kule Nigeria, enzi za nahodha Leodegar Tenga. Miaka 39. Wafungaji: Simon Msuva, Erasto Nyoni kwa penalti, Aggrey Morris. Rudia kusoma majina hayo. Siku kubwa kuliko zote za unahodha wake, nahodha mshambuliaji hayumo kwenye orodha, na wawili kati ya waliomo kwa kawaida ni watu wa ulinzi. Siku hiyo chombo kilifika, na aliyekaa kwenye usukani hakuandikwa mahali. Kwangu mimi huo ndo ushahidi mzito kwamba alikuwa nahodha kweli.

Miezi mitatu baadaye, kule Misri, mambo yaligeuka. Tarehe 27 Juni 2019 tulicheza na Kenya. Msuva akafunga mapema, Kenya wakasawazisha, na dakika moja tu baadaye Samatta akaturudisha mbele, 2–1. Mpira ukaisha 3–2, Kenya wameshinda. Safari hii nahodha yumo kwenye orodha ya wafungaji na chombo kimezama. Halafu tazama Uingereza. Februari 1, 2020, mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya huko akiwa na Aston Villa, alifunga dhidi ya Bournemouth: Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika ligi ile. Villa wakafungwa 2–1. Machi 1, 2020, Wembley, fainali ya Kombe la Ligi na Manchester City, alifunga kwa kichwa cha kujitupa. Villa wakafungwa tena 2–1. Sisi huku tulishangilia magoli. Nchi nzima ilishangilia. Na ni haki, bwana, nani angekaa kimya? Lakini mhakiki anatakiwa aone kwamba tulikuwa tunashangilia omo huku maji yakiingia tezi.

Kuna watakaonipinga kwa kumtaja Filbert Bayi. Yeye aliongoza kwa maana ya neno ilivyo: alitangulia. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola, Bayi alishika mbele tangu mwanzo akakaa huko huko mpaka kamba, dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Huyu alikuwa omo na hakuna tezi yoyote. Nakubali. Ila mkimbiaji hana mabaharia. Yeye ni mtumbwi wa mtu mmoja, omo na tezi ni mwili wake mwenyewe.

Bayi ananisaidia kwa jambo jingine, nalo ni ushindani. Nyuma yake siku ile alikuwepo John Walker wa New Zealand, aliyemaliza kwa 3:32.5, naye pia akiwa chini ya rekodi ya zamani ya 3:33.1 ya Mmarekani Jim Ryun. Yaani aliyeshindwa alikimbia kuliko binadamu yeyote aliyepata kuandikwa kabla ya siku ile. Angalia sasa kitenzi chetu: shinda, shindana. Kile kiambishi -an- ni cha kutendana. Huwezi kushindana peke yako, kama usivyoweza kuoana peke yako. Sarufi inamdai mwenzio. Mwaka 1976 nchi za Afrika ziligoma kwenda Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi. Walker akachukua dhahabu ya mita 1500 bila Bayi. Alishinda, ndiyo, lakini hawakushindana. Watu wawili walinyang'anywa kile kiambishi.

Na shinda yenyewe ina maana ya pili, ile ya salamu: "umeshindaje?" Kushinda ni kukaa kutwa nzima. Katika Kiswahili mshindi na aliyekaa mpaka jioni ni ndugu. Lugha ya vita tunayoipenda mpirani, kichapo, kipigo, kuchinjwa, haina undugu huo. Inataka mtu aanguke haraka. Na pwani kuna neno jingine tena ambalo nashangaa washairi wa leo hawalichezei: kubisha. Tunalijua kwa maana ya kukataa kauli ya mtu. Wenye vyombo wanalijua kwa maana ya kwenda kinyume cha upepo kwa kukata mkato huu na mkato ule, kushoto, kulia, chombo kikisogea mbele kidogo kidogo. Anayebisha haendi moja kwa moja wala harudi. Sijapata kuona maelezo bora kuliko hayo ya akili ya mchezaji ambaye timu yake iko nyuma.

Naomba nivuke bahari kidogo kwa sababu huko liko jambo linalothibitisha hoja ya tezi kuliko mpira wetu wenyewe. Wamarekani wana mpira wao, wa kushika kwa mikono, watu kumi na mmoja kila upande. Ndani yake kuna mchezaji mmoja, wao humwita quarterback, ambaye husimama nyuma ya safu ya wenzake wakubwa. Mpira huanzia kwake kila mara. Ana sekunde chache za kutazama uwanja mzima, kuamua, na kurusha, huku watu wenye uzito wa ng'ombe wakimjia. Tangu 1994, katika ligi yao kuu ya NFL, kocha anaruhusiwa kumsemesha kwa redio ndani ya kofia, ila saa ya mchezo ikibaki sekunde 15, sauti inakatwa. Kuanzia hapo anabaki na wenzake na upepo. Sijui mwandishi wa tamthilia angebuni nini kizuri zaidi.

Huyo ndiye nahodha halisi, kwa maana ya mjomba. Tom Brady, aliyemaliza na mataji saba ya Super Bowl, alichaguliwa wa 199 mwaka 2000 timu zilipokuwa zinagawana wachezaji wapya. Watu 198 walionekana bora kuliko yeye na wenye macho ya omo. Tarehe 5 Februari 2017, Houston, timu yake ya New England ilikuwa nyuma 28–3 dhidi ya Atlanta, na sehemu ya pointi hizo zilitokana na yeye mwenyewe kurusha mpira ukadakwa na adui, akakimbia nao mpaka mwisho. Wakashinda 34–28 katika muda wa nyongeza. Hawakupata pigo moja la muujiza lililoleta pointi zote. Walibisha. Mkato huu, mkato ule.

Wapenzi wa mchezo huo husema quarterback anatakiwa asahau haraka kosa lililopita. Hapo mimi natofautiana nao. Nahodha anayesahau mwamba ataugonga tena. Kinachotakiwa kutoka rohoni ni tetemeko la kuugonga. Mwamba wenyewe ubaki kwenye ramani. Na ukitazama namna timu ile ilivyorudi, utaona mtu aliyeendelea kuwasoma waliomdaka.

Sasa niingie darasani, ndiko nilikokuwa nakuelekea. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, 1969, tumeisoma wote, wengine tangu sekondari. Tunavyoijibu kwenye mtihani mnajua: wahusika, dhamira, ujumbe, migogoro, Kinjeketile ni kiongozi mwenye msimamo, anaunganisha makabila, tiki, Kinjeketile ana udhaifu, ameshikwa na ushirikina, tiki. Orodha inajaa, maksi zinapatikana. Lakini orodha hiyo inamsoma mtu wa omo. Inamuuliza amefanya nini mbele za watu.

Msomeni kama mtu wa tezi. Kinjeketile anatoka mtoni na maji, watu wanapata imani, na imani inawaunganisha kuliko hotuba yoyote. Halafu yeye, na karibu yeye peke yake, anaanza kuona kitu kibaya ndani ya ujumbe ule ule alioutoa akiwa amepagawa. Anawataka wasubiri. Watu hawasubiri. Hapo ndipo ilipo tamthilia: kiongozi anaona mwamba, mabaharia wanaona nchi kavu, na tanga limeshajaa. Akisema ukweli wote, umoja unavunjika na Mjerumani yuko pale pale. Akinyamaza, watu watakwenda mbele ya bunduki na maji mwilini. Kila anayeongoza watu wanaoelekea kushindwa anakutana na swali hilo, awe Umatumbini au chumba cha kubadilishia nguo timu ikiwa nyuma mabao mawili: imani niliyowapa ni nguvu au ni uongo?

Wasomi wengi hapa humkimbilia Kitunda, kwa sababu Kitunda ana busara ya kijeshi, anafundisha askari, na mwishoni anamsihi mwenzake akane ili kuokoa roho yake. Mhadhiri wangu mmoja alipenda kusema Kitunda ndiye kiongozi wa kweli wa tamthilia. Kwa heshima zote, nabisha. Kitunda ana jibu zuri la leo. Kinjeketile, akiwa kifungoni, anakataa kukana kwa sababu anajua swali la mjomba: chombo kimeshapanda mwamba, na wapo watoto watakaouliza. Akisema maji yalikuwa uongo, watoto watasikia kwamba baba zao walipigania uongo. Anachagua kujibu. Hiyo ndiyo kazi ya tezi mpaka dakika ya mwisho, na simwoni kama nabii wala mpumbavu ninapomsoma hivyo. Namwona mtu aliyekosea usomaji wa upepo na hakumrushia baharia lawama.

Tofauti kati yake na nahodha wa mchezo si ndogo, na sitaki kuifunika. Mpirani kuna msimu ujao. Ndanda wetu, Wanakuchele, walipanda Ligi Kuu mwaka 2014, wakacheza misimu sita, wakashuka 2020, na bado mtoto anaweza kupita nje ya Nangwanda Sijaona akaota ndoto. Waliokufa Maji Maji hawakuwa na msimu ujao. Kwa hiyo kujiamini kwa mchezaji kunaruhusiwa kukosea. Kwa kiongozi wa vita hakuruhusiwi. Ila hata mpirani tunayo maji yetu. Ile "kamati ya ufundi" ya vilabu, ambayo ufundi wake haufundishwi chuo chochote cha ukocha, inawapa wachezaji imani isiyohitaji kusoma upepo. Timu inaambiwa haitafungwa. Ikifungwa, inatafutwa sababu katika chumvi na mayai, na hakuna anayejibu. Kwenye chombo cha namna hiyo usukani hauna mtu.

Limebaki la istilahi, nalo nalitupa kwa wenzangu wa tafsiri. Nimesikia quarterback akiitwa robobeki, ambalo ni jina la kuchekesha tu, halisemi kitu. Kumwita nahodha kutatuchanganya, maana timu zile zina manahodha wao kadhaa. Ninapendekeza rubani. Kabla halijapandishwa kwenye ndege, neno hilo lilikuwa la mjuzi wa njia za baharini, aliyeongoza chombo kipite salama kati ya miamba. Bila shaka mwenye ndege hatakubali kugawana jina, na wanafunzi wa isimu watasema neno likishahama halirudi. Nawasubiri toleo lijalo.